Mideva na Wiki ya Jazz

Katika Kawangware ya mwaka 1977, kila bendi yenye magitaa mawili na mtu wa kuimba ilijiita Jazz. Hakuna aliyeuliza maana yake. Neno lilikuwa na mlio mzuri, na likichorwa kwa rangi nyekundu kwenye ngozi ya ngoma kubwa liliwavuta watu. Ndiyo maana redio ilipotangaza wiki nzima ya jazz, Jumatatu hadi Ijumaa baada ya taarifa ya habari ya saa saba, Shiundu, kiongozi wa 46 Jazz, hakungoja kualikwa. Alivaa suti, akaenda mjini, akarudi na nafasi. Bendi yake ingepiga nyimbo mbili kila siku, hapo hapo studioni, nchi nzima ikisikiliza.

Taabu ilikuja Jumamosi. Lazarus, mpiga tarumbeta wake, alichukuliwa na bendi ya hoteli moja Mombasa, akaondoka kwa treni ya jioni bila kuaga mtu.

Kesho yake Shiundu alikuwa amesimama kando ya barabara, ameshika tama, bendi ya kanisa ikapita na matarumbeta yake. Aliinua kichwa. Katikati ya wanaume waliofura mashavu, mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani alikuwa akipiga kama mtu anayeongea tu, na sauti yake ilipita juu ya wenzake wote.

Huyo alikuwa Mideva, fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake barazani pa duka moja pale 46, mwisho wa basi la namba hiyo. Alizaliwa Maragoli. Baba yake, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kanisa, alitamani mtoto wa kiume wa kumrithi, akapata mabinti watupu, basi tarumbeta akamfundisha yule aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mideva alipoolewa na Sifuna, mwashi kutoka upande wa Bungoma, na kuja Nairobi, Jumapili ya kwanza kanisani hakuulizia mahali pa kukaa. Aliulizia kama kuna tarumbeta la ziada.

Jioni ya siku ile aliyomsikia barabarani, Shiundu alimfuata nyumbani, akamwamkia Kiluhya kwa jina la bintiye.

"Mulembe, Mama Nasambu."

"Mulembe. Ni suruali ama shati?"

"Si nguo. Nataka mtu wa tarumbeta."

"Kwa baa mimi siendi."

"Si baa. Ni redio, tena mchana."

Mideva akamtazama. "Kuna mwanamke mwingine kwa hiyo bendi?"

"Hakuna."

"Basi mtanizoea," alisema, akaenda kuchukua tarumbeta wafanye mazoezi.

Sifuna aliposikia alicheka, kisha akauliza, "Na wakikuambia ukae nyuma?"

"Tarumbeta halikai nyuma."

Jumatatu walipiga nyimbo zao mbili, na mambo yakaenda sawa hadi kipindi kikaisha. Lakini mtayarishaji wa kipindi, kijana mrefu aitwaye Kiragu, alitoka nyuma ya kioo akiwa amebeba santuri kwa kingo zake kama sahani ya moto.

"Mmepiga vizuri," alisema. "Lakini hiyo ni rumba, jamani. Jazz ni hii." Akaweka sindano juu ya santuri.

Shiundu alikasirika. "Unaniambia nini? Jina letu liko hapo kwa ngoma!"

Waliendelea kubishana. Mideva hakuwasikia. Katika ile santuri mtu fulani wa mbali alikuwa akipiga tarumbeta. Aliishika noti, akaivuta chini kidogo, akaiacha ikining'inia, kama mtu aliyeanza kusema neno akakumbuka jambo.

"Rudisha hapo," Mideva alisema.

Kiragu akarudisha.

"Tena."

Kiragu akasahau ugomvi wake na Shiundu. Kituoni hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia arudishe santuri hizo. Wengi walimwambia azitoe.

"Kwetu, kwa matanga, watu huimba hivi," Mideva alisema. "Sauti inashuka kidogo kabla haijafika. Lakini sikujua tarumbeta linaweza."

Jumanne alifika mapema kuliko wenzake, akakuta Kiragu amemtengea santuri nyingine. Walisikiliza pamoja bila maneno mengi. Alipokuwa hajui, aliuliza, na Kiragu alimweleza kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Jioni, nyuma ya nyumba, alijaribu kuivuta noti hadi midomo ikamuuma.

Jumatano akamwambia Shiundu, "Leo wimbo wa pili ni wangu. Mnifuate polepole."

"Wimbo gani?"

"Ule wa kumsindikiza mtu kaburini."

"Redioni?"

"Kwani wenye redio hawafiwi?"

Aliupiga ubeti wa kwanza umenyooka, kama kanisani. Wa pili akaulegeza. Alichelewa pale ambapo kila mtu alimtarajia, akaishusha sauti kabla ya kufika, akaipandisha tena taratibu. Mpiga ngoma aliweka vijiti chini akatumia viganja. Gitaa la Shiundu liliingia kwa woga, halafu likapata njia. Nyuma ya kioo, Kiragu alisahau kuinua mkono kuwaonyesha kwamba muda umekwisha.

Jioni hiyo Mzee Khamala, kiongozi wa bendi ya kanisa, alikuja nyumbani kwa Mideva. Hakukubali kukaa.

"Mama Nasambu, wimbo wa kuzikia watu umeupeleka kwa dansi."

"Kuna mtu alicheza, Mzee?"

Khamala mwenyewe alikuwa ameusikia kwenye redio ya fundi wa saa, na pale hakuna aliyecheza. Kuna hata mteja aliyevua kofia.

"Hayo si maneno," alisema. "Tarumbeta ni la kanisa."

Mideva aliinuka, akalitoa kwenye msumari ukutani, akalifuta kwa kanga, akampa kwa mikono miwili. "Ni kweli, ni la kanisa. Lichukue, Mzee. Lakini kupiga sitaacha."

Sifuna alitaka kumfuata Khamala njiani.

"Kaa," Mideva alisema. "Chai inapoa."

Alhamisi Shiundu alimwona akiingia studioni mikono mitupu. "Liko wapi?"

"Limerudi kwao."

Shiundu akashika kichwa. Mideva akapita mbele yake hadi kwenye maikrofoni. Kule Maragoli, baba yake hakumruhusu mtoto kugusa chuma kabla hajaupiga wimbo kwa mdomo, na Mideva aliupiga hivyo kwa miaka. Alikusanya viganja mbele ya uso, akabana midomo, akaanza. Sauti ilitoka yenye mkwaruzo na makali, ikapanda, ikalegea, ikacheka yenyewe. Mpiga ngoma nusura aangue kicheko, lakini walipofika katikati ya wimbo alikuwa amefumba macho akimfuata.

Kibera, huko Kambi Muru, Sifuna na waashi wenzake walikuwa wakijenga vyumba kwenye ploti ya mzee Ishmael, na redio walikuwa wameining'iniza kwenye nguzo. Ishmael alikuwa amepiga katika bendi ya jeshi wakati wa Vita vya Pili. Alisogea karibu na redio.

"Hilo ni tarumbeta la wapi? Sijawahi kusikia la namna hiyo."

"Hilo ni mdomo, Mzee," Sifuna akasema. "Ni bibi yangu."

Ishmael alicheka hadi akakohoa. Meno yake ya mbele yalikuwa yameisha zamani. "Mlete," alisema. "Mlete nimwone."

Ijumaa Kiragu aliicheza kwanza ile santuri ya Jumatatu. Kisha akasogea kwenye maikrofoni, akatangaza, "Na sasa, kutoka Kawangware, Mideva. Hii nayo ni jazz." Shiundu alimkonyeza mpiga besi kwa ushindi. Mideva alikuwa ameshakusanya viganja.

Jumamosi alikwenda Kambi Muru na mumewe. Ishmael alileta kifurushi kilichofungwa kwa shati la kaki, akakifungua mezani. Ndani kulikuwa na tarumbeta lililobonyeabonyea, vibonyezo vimeganda. Mideva alivitia mafuta ya cherehani, akavibonyeza mpaka vikakubali.

"Unaniazima, Mzee?"

"Nimekupa. Mimi nitalipiga na meno gani?"

Alipiga pale pale uani. Waashi waliacha saruji ikauke kwenye karai.

Khamala alishikilia msimamo wake mpaka karibu na Krismasi, ndipo akaja barazani penye cherehani. Safari hii alikaa. Bendi ya kanisa haikuwa na mtu wa kuongoza maandamano, alisema, na watu walikuwa wanauliza.

"Nitakuja," Mideva akajibu. "Na Jumamosi nitakuwa na 46 Jazz kwa harusi, kama kawaida."

"Jumamosi si siku yangu," Khamala alisema, akaomba apimwe suruali.

Ikawa hivyo kwa miaka. Shiundu alipohamia Kitale bendi ikavunjika, naye Mideva akakusanya wanawake wa Kawangware, washonaji na wauza mboga, akawafundisha kupiga, kwa mdomo kwanza. Bendi hiyo ilikaa muda mrefu bila jina, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na la kwake na hakuna aliyekubali kushindwa.