Nataka Mama Mwende Azionje Siku Zangu Ishirini na Sita

Bwana Yesu asifiwe, ndugu mhariri na wasomaji wote wa ukurasa huu. Hamjambo huko mliko? Watoto wazima? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na kwa hiyo naomba jina langu lifichwe. Majina mengine nimeyabadilisha.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na minne, Mnyaturu wa Singida, Tanzania. Shule niliishia darasa la saba, mnivumilie mwandiko. Nimekaa Nairobi miaka kumi na miwili, hapa Kayole, kwenye ploti ya vyumba kumi na bomba moja. Nilimfuata mume wangu, fundi wa redio. Alipofariki nikabaki na cherehani na watoto wawili. Mji huu sitausema vibaya wote. Kwetu ningepangiwa shemeji wa kunirithi, hapa hakuna aliyeniuliza nitaolewa na nani. Nilishona, watoto wakasoma, wakavaa viatu. Lakini mji usiokuuliza unakotoka haukuulizi pia ulikopotelea. Mgeni hana shangazi wa kumpigia kelele.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Mama Mwende, Mkamba, kiongozi wa ushirika wetu wa akina mama. Desturi yetu ni kukutana kila Alhamisi nyumba kwa nyumba, na kabla ya chai kila mmoja anasimama kutaja hitaji lake, wenzake walibebe kwa maombi. Miaka minne iliyopita nami nilisimama. Nikasema ukweli wote: karatasi zangu za kuishi Kenya zimekwisha muda tangu mume wangu afariki, niombeeni. Walikuwa wanawake saba. Mama Mwende ndiye aliyeniwekea mkono kichwani. Aliomba mpaka akalia.

Sasa, wakati huo kanisa lilikuwa limenipa mimi kazi ya kushona sare za akina mama. Dada yake Mama Mwende naye ni fundi, na kazi ile aliitaka sana.

Jumatatu yake, watoto wakiwa shuleni, askari wawili walikuja mlangoni. Mmoja akaniambia huku anatabasamu, "Ni wewe unaombewa karatasi, mama? Basi maombi yamejibiwa. Twende." Mwenye ploti, mama mzee asiyependa uongo, aliniambia baadaye kwamba askari wale walianzia kwa Mama Mwende. Walikunywa chai, naye akawaonyesha mlango wangu kwa kidole.

Nilikaa ndani siku ishirini na sita. Kosa la karatasi nalikubali, sheria ni sheria. Lisilonitoka ni hili. Watoto wangu waliporudi kutoka shule wakamuuliza Mama Mwende niko wapi, aliwaambia, "Mama yenu amepata mwanamume, amerudi kwao. Msilie, kuleni." Neema alikuwa na miaka kumi na mmoja, Yona minane. Siku zote hizo waliamini nimewatupa.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyenitafuta, akahangaika mpaka nikatoka na karatasi halali. Nilipofika nyumbani Yona hakunikimbilia. Alisimama pale mlangoni akaniuliza, "Umekuja kuchukua cherehani?"

Sare zilishonwa na yule dada, naziona kila ibada. Yona ni mkubwa sasa, lakini mpaka leo akitoka shule hupitia dirishani kwanza kuchungulia kama nipo. Na Mama Mwende hajui kwamba najua. Tunasalimiana, tunaazimana kibiriti. Kanisani tukisali Baba Yetu, pale pa kusamehe nanyamaza, nawaacha wapite, nawadaka mbele.

Sasa Mungu ameniletea mtu wangu mkononi. Binti yake, Mwende, amepata kazi ya kupiga chapa Dar es Salaam, na kule hawana mtu. Jumapili iliyopita Mama Mwende alikuja kwangu na pakiti ya majani ya chai.

"Dadangu, mwandikie kaka yako wa Temeke ampokee huyu mtoto. Mtoto wa mtu ugenini, si unajua vile huwa?"

"Najua," nikamwambia.

"Na watu wenu ni wapole, si kama sisi." Akacheka. "Usikatae bwana. Kwani si tulikuombea ukapata karatasi?"

Nikamjibu, "Barua ataibeba mwenyewe. Nitaiandika."

Nimeandika mbili, zote kwa Kinyaturu, hata akifungua haoni kitu. Ya kwanza inasema mpokee, basi. Ya pili inasema mpokee kama mwanao, alale pazuri, aende kanisani, lakini barua atakazomwandikia mama yake uzikalie. Nyumba ile kaka ndiye anayepeleka na kuchukua barua zote posta. Azikalie siku ishirini na sita tangu afike, kisha azitume zote pamoja. Mtoto hataguswa. Namtaka mama. Nataka aje kwangu macho mekundu, aniulize kama nimesikia lolote, nami nimwambie labda amepata mwanamume, usilie, kula.

Kinachonisumbua ni Mwende mwenyewe. Jana alinisaidia kuanua nguo mvua ilipoanza, akaniambia, "Mama, naogopa. Mamangu ataniwaza sana." Nikazibeba nguo, nikaingia ndani.

Nishaurini, nifanye nini? Wa kuniambia nisamehe asipoteze stempu, hilo nahubiriwa kila wiki. Niambieni tu nimpe bahasha ipi. Mwende anasafiri mwezi ujao, kwa hiyo tafadhali nijibuni upesi.