Godoro la Pua

Lukumani alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na mtu asiyemjua angedhani kaichagua kazi hiyo kwa uvivu. Alikuwa na kibaraza chake pale Gongoni, Tabora, mbele ya duka la vitambaa la Badrudin. Hapo ndipo alipochambua sufi, akaijaza, akaishona kwa sindano yake ndefu, na hapo hapo ndipo alipolala. Alilala akichambua, alilala akishona, na siku moja alilala akiagana na mteja, mkono wake ungali ndani ya mkono wa mwenzake. Wateja hawakuchukia hata kidogo. Walisema kama fundi mwenyewe hawezi kulitazama godoro lake bila kusinzia, basi hilo ndilo godoro la kununua, na sifa hizo zilifika mpaka Sikonge na Urambo.

Mkewe Mwanamkuu ndiye aliyeujua ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa wa kuchekesha. Usiku Lukumani alikoroma. Alikoroma hata majirani wakajua saa ya kuzima redio. Hilo Mwanamkuu angelivumilia, maana wanawake wengi wameolewa na mikoromo na wakazaa nayo. Lililomtesa ni pale mkoromo ulipokatika. Kifua kilitulia tuli, chumba kikawa kama nyumba iliyohamwa, naye akangoja huku akisoma kila dua aliyofundishwa chuoni. Dua zikiisha na pumzi haijarudi, alimpiga kiwiko cha mbavu. Lukumani alivuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani, akageuka upande, akaanza upya.

Tangu binti yao Tatu alipokuwa ananyonya mpaka sasa ameolewa Kigoma, Mwanamkuu hakuwahi kulala usiku mzima. Aliamini kwamba siku atakayopitiwa na usingizi ndiyo siku atakayoamka mjane.

"Mama Tatu, unatia chumvi," Lukumani alimwambia kila asubuhi huku akipiga miayo. "Mimi usiku sipati hata lepe. Nitakoromaje?"

Kisha ukaja ule mwaka wa msako. Nchi ilikuwa imebanwa, maduka yalibaki na rafu na wenye maduka, ikaonekana kwamba dawa ni kila mtu mjini awe na kazi ya kuonekana kwa macho. Asiyekuwa nayo atapandishwa lori apelekwe kijijini akalime. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya kulima, hasa wale ambao hawakuwa wakipelekwa.

Asubuhi moja mgambo walipita Gongoni wakiongozwa na Ndugu Shaban, mjumbe wa nyumba kumi. Jua lilikuwa limeshapanda. Walimkuta Lukumani chali juu ya godoro, mdomo wazi.

"Ndugu Lukumani! Amka! Hii ni saa ya kazi!"

Lukumani alifumbua jicho moja. "Nipo kazini, Ndugu Mjumbe. Nalijaribu godoro."

Mgambo walicheka. Shaban hakucheka, maana cheo kilikuwa bado kipya. Alimvuta pembeni akamwambia kwa sauti ya chini, "Leo nimekusitiri. Nikikukuta tena umelala mchana, jina lako linakwenda. Lori halijui jirani."

Habari zilipomfikia Mwanamkuu, hakuogopa jembe. Mumewe alikuwa na mikono ya kushika jembe. Aliogopa bweni la huko kijijini, ambako wanaume wangelala safu kwa safu, wamechoka na kulima, na asiwepo hata mmoja wa kumsikiliza mwenzake anavyopumua. Siku ya pili alimshika mumewe mkono kama mtoto wa chuo akampeleka hospitali kwa daktari.

Daktari Anselm alikuwa Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi. Alikuwa na neno kwa kila kitu, ila hakujua kila neno linakaa mtaa gani. Alimchungulia Lukumani kooni, akamwuliza Mwanamkuu maswali mengi, na kwa mara ya kwanza Mwanamkuu akaona mtu anaitikia kwa kichwa kwa kumwamini. Hilo peke yake nusura limlize.

"Mzee," alisema daktari, "ukilala, koo lako linafunga mlango. Dawa yako ni barakoa. Utalala na barakoa kila usiku, maisha yako yote. Njoo baada ya wiki mbili."

Walitoka nje. Walipofika kwenye miembe ya barabarani, Lukumani alisimama.

"Kasema barakoa?"

"Kasema barakoa."

"Ya kike?"

"Kwani iko ya kiume?"

Siku hizo barakoa haikuwa neno la hospitali. Tabora nzima ilijua barakoa moja tu, ile waliyovaa mabibi wa Kiarabu wa zamani: kitambaa kigumu cheusi chenye nakshi, kijiti kimesimama juu ya pua, macho yakichungulia kwenye matundu mawili. Lukumani aliapa kwamba ni afadhali lori. Mwanamkuu alimjibu kwamba mtu aliyesoma mpaka akavuka bahari hawezi kusema neno bure, na kwamba huenda kile kijiti ndicho kinachoinua pua. Alikwenda kwa Bi Zuwena, ajuza aliyekuwa amebakiwa na barakoa ya mama yake sandukuni.

"Ya mgonjwa?" aliuliza Bi Zuwena.

"Ya mgonjwa, bibi."

"Maskini. Mwambie asiilalie, itavunjika." Hakuuliza mgonjwa ni nani, na Mwanamkuu hakujisumbua kumweleza.

Lukumani aliivaa usiku, mlango umefungwa kwa komeo. Haikumsaidia kitu. Alikoroma ndani ya nakshi, na pumzi zilikatika vilevile. Lakini Lukumani alikuwa mtu wa kufuata masharti ya dawa. Usingizi wa mchana ulipomzidi, alijifungia stoo ya Badrudin, akajifunika shuka mpaka shingoni, akaivaa huko pia.

Ndiko Shaban alikomkuta. Alikuwa amekuja kwa ukali, tayari kumfuma, akausukuma mlango uliokuwa na kitasa kibovu. Akaona godoro, shuka, na barakoa. Ukali wote ukamwishia miguuni.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Bibi alikoroma.

"Samahani, bibi. Namtafuta fundi Lukumani."

Bibi alikoroma tena, safari hii kwa kirefu, kisha akakata ghafla. Shaban, aliyelelewa vizuri na mama yake, alielewa kwamba bibi amekasirika. Alirudi kinyumenyume huku akiomba radhi, akamkuta Badrudin mlangoni. "Lukumani ana mgeni, bibi wa Kiarabu," alimnong'oneza. "Hali yake mbaya sana, mwacheni apumzike." Badrudin alijibu kwamba naye ameona hivyo hivyo, kisha akajificha nyuma ya kaunta kwa muda mrefu.

Kabla ya sala ya alasiri mji mzima ulikuwa na habari kamili. Kwa siku nyingi Lukumani hakupita msikitini bila mtu kumwamkia, "Shikamoo, bibi," na kwa kuwa amkio ni amkio, ilimbidi aitikie marahaba. Shaban peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amemwamkia mwanaume ambaye yeye mwenyewe anamzidi umri.

Wiki mbili zilipotimia walirudi kwa daktari. Lukumani alianza kabla hajakaribishwa kiti. "Daktari, nimeivaa kila siku. Maradhi yako pale pale, ila jina langu limekufa."

"Umeivaa? Umeipata wapi?"

Mwanamkuu alifungua kanga akaitoa ile barakoa, akaiweka mezani. Daktari aliitazama, akavuta kamusi yake, akasoma, uso ukamwiva. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza. Hapo Mwanamkuu alisimama. Alikuwa mwanamke mpole, na hasira yake ilimshangaza hata yeye.

"Usicheke, daktari. Mimi nimekaa macho tangu mwanangu ananyonya. Kila usiku namfufua huyu. Ungeniambia nimvike sufuria ningemvika."

Daktari aliacha kucheka. Aliomba radhi, akaomba tena, na akatoka kwenda kuleta kile alichokuwa amekiunganisha kwa wiki zote mbili: mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, aliyoigeuza ili badala ya kuvuta ipulize, bomba refu, na kifuniko cha plastiki cha kukaa juu ya pua, chenye mikanda ya kufunga kisogoni. Alieleza kwamba upepo utaingia puani usiku kucha na kulizuia koo lisijifunge.

Ilikuwa mashine ya ajabu, ila kile kifuniko kilitengenezwa huko kwao, kwa pua ya huko kwao, iliyo nyembamba na ndefu. Pua ya Lukumani ilikuwa pana na imejaa, pua ya mtu asiyekuwa na haraka. Upepo ulitorokea mashavuni ukapiga mluzi, ukamwingia machoni akaamka analia. Wakikaza mikanda, plastiki ilimchuna mwanzi wa pua hata akaenda kibarazani na kidonda kama mpiga ngumi. Daktari alisema labda anyoe sharubu. Lukumani aliuliza, kwa heshima zote, kama hapa mjini limebaki jambo lolote la uanaume ambalo hajatakiwa kulitoa. Akanyoa. Upepo ukatoroka vilevile, sasa bila kizuizi.

Usiku wa nne Mwanamkuu alimkuta ameivua, ameitupa chini, inapuliza sakafu.

"Inanikaba, Mama Tatu. Bora nife nimelala vizuri."

Kulipokucha Mwanamkuu alikaa akiitazama ile plastiki, ngumu, kingo zake zimetokeza. Alimcheka mumewe kwa uchungu. "Wewe unatandikia migongo ya watu wasiokuhusu. Uso wako mwenyewe umeulaza juu ya kitu kitupu kama hiki?"

Lukumani aliigeuzageuza. Alitafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, akakata utepe, akaugundisha kwa ile gundi ya kuzibia pancha, akaufanya kama utumbo mwembamba, akaujaza sufi iliyochambuliwa vizuri kuliko sufi yoyote aliyowahi kumpa mteja. Wa kwanza ulikuwa mnene, ukamsukuma macho. Wa pili ulinuka gundi akapiga chafya ndani ya bomba. Akashona mwingine, mwembamba juu, mnene mashavuni, akauviringisha kwenye kingo za kifuniko. Daktari alipouona aliushika kwa vidole viwili, akakosa neno kwenye kamusi. Mwanamkuu alimsaidia. "Hilo ni godoro la pua," alisema.

Likakaa. Lukumani alilala na mota ikinguruma, bila mkoromo, bila kukatika, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu mwenye haki zake zote. Mwanamkuu alimngoja akatike. Akiwa bado anangoja, akalala. Aliamka jua limeingia dirishani, akaruka kwa hofu akamgusa shavu, likawa la moto. Akalia. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa kujihurumia, kwani hakujua kwamba alikuwa amechoka kiasi kile.

Mwezi uliofuata ilikuwa kama Gongoni imepata fundi mpya. Lukumani alishona asubuhi, akashona mchana, akamaliza magodoro ya watu waliokuwa wameshasahau kwamba wameagiza. Aliwasikia wateja mpaka mwisho wa sentensi. Aligundua kwamba Badrudin ana kigugumizi, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua. Akifunga kazi hakusinzia tena, na akazidi kushona, mpaka kitambaa kikaisha.

Badrudin hakuwa na kingine. Hakuna aliyekuwa nacho Tabora nzima, wala haikujulikana kitakuja lini. Basi Lukumani alikaa kibarazani, mgongo wima, macho makavu, mikono magotini, akiutazama mji alioupitia usingizini.

Mgambo walipopita tena, walikuwa wageni wasiomjua. Shaban alikuwa nyuma yao.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi magodoro."

"Godoro liko wapi?"

"Kitambaa hakuna."

"Kwa hiyo hapo umekaa unafanya nini?"

Zamani angekuwa na jibu. Zamani angekuwa amelala, na jibu liko chini ya mgongo wake. Sasa usingizi ulikuwa umemtoka kichwani, na uongo haukumjia. "Sifanyi kitu," alisema. "Niko macho tu."

Waliandika jina lake. Shaban aliangalia upande wa pili, na huenda kweli hakuweza kitu, na huenda alikumbuka ile shikamoo. Mwanamkuu alikimbilia hospitali kumtafuta daktari awatetee, akaambiwa daktari yuko likizo kwao.

Lori liliondokea uwanjani alfajiri. Wanaume walipanda na mafurushi yao, kila mmoja akieleza kwamba kuna makosa. Lukumani alipanda, sindano yake imechomekwa kwenye kola. Nyuma yake alipanda Mwanamkuu, na mkeka na sufuria.

"Mama Tatu, shuka," Shaban alisema. "Wewe huna haja. Jina lako halimo."

"Huko wanakokwenda kuna umeme wa mashine yake?"

"Umeme? Kijiji chenyewe hakijafyekwa."

"Basi liandike jina langu." Alikwishakaa. "Si mnataka kila mtu awe na kazi? Andika, Ndugu Mjumbe: kazi yake, kumwamsha mumewe apumue. Ni ya usiku kucha, haina likizo."

Watu wawili watatu walicheka. Shaban alisimama na kalamu yake, akatazama karatasi, akatazama uso wa yule mwanamke, akaandika. Lukumani, ambaye kwa miaka yote alimwambia mkewe kwamba anatia chumvi, alisogea akampisha mahali pazuri, karibu na kichwa cha lori pasipo vumbi. Machozi yalimtoka mbele za watu na hakuyafuta.

"Lala kidogo, mke wangu," alimwambia. "Mimi niko macho."