Samli Aliyoipa Mgongo

Mama Samli hakuwa na imani na chakula kilichotoka kiwandani. Mafuta ya kopo aliyachukia kupita yote. "Hata sisimizi hayasogelei," alisema, "sasa wewe unayala kwa ujasiri gani?" Kwake chakula kilikuwa kile ambacho marehemu mama yake angekitambua: maziwa, mayai, mtama usiokobolewa, maharage, nyama pamoja na shahamu yake, na juu ya vyote samli. Akimwona mtu anakata shahamu na kumtupia paka, alisema paka huyo ndiye atakayemzika.

Samli yake ilikuwa na sifa mtaani, na alivyoipika ndivyo ilivyopata sifa hiyo. Alikuwa akiweka siagi kwenye sufuria, juu ya moto mdogo wa mkaa, kisha anatoa kigoda, analipa jiko mgongo na kuchambua maharage. Hakuangalia hata mara moja. Kwanza ilimjia harufu ya maziwa, baadaye ya mahindi ya kuchoma, mwisho ya njugu zilizokaangwa. Hapo ndipo alipoinuka na kuepua. "Anayechungulia sufuria hajui anapika nini," aliwatania majirani, nao walimvumilia kwa sababu samli yenyewe iliwanyamazisha.

Basi siku moja mkunga wa mtaa akaja na kopo mkononi. Huyo mkunga ndiye aliyewaelekeza wanawake waliojifungua wanunue samli yake, na bila yeye biashara ingekuwa jina tu.

"Mama, hii ni chungu," akasema taratibu. "Mzazi niliyempa ameitema. Ikija nyingine ya namna hii, nitawatafutia samli kwingine. Usinione mbaya."

Mama Samli akachovya kidole, akalamba, hakuona kasoro. Moyo ukamlipuka. Mkunga hakuwa mtu wa uongo. Kama samli ilitoka kwake ikiwa njema na ikafika ikiwa chungu, basi kuna mkono katikati, mjanja hata ulimi wake usiugundue.

Kwanza alimshuku muuza maziwa aliyemletea siagi. Alimkagua mpaka yule bwana akauliza kama anatafutwa na polisi. Siagi ilikuwa safi. Akabaki mtu mmoja: wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa naye nyumba moja miaka yote ya ujane. Wifi ndiye aliyebeba makopo kwenda sokoni na kwa mkunga. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Samli akajiambia, na usingizi ukampaa.

Kuanzia hapo kila alichofanya wifi kilikuwa ushahidi. Akichelewa kurudi, alikuwa anachanganya mafuta. Akiwahi, alikuwa ameshachanganya. Akinyamaza, anaficha, akicheka, anamcheka yeye. Mama Samli akaanza kufunga vifuniko kwa uzi wenye mafundo yake mwenyewe, na asubuhi moja akaupekua mfuko wa wifi. Alikuta kitana, khanga na karanga.

"Wifi, unatafuta nini humo?" Wifi alikuwa amesimama mlangoni.

"Sindano."

"Kwenye mfuko wangu?"

"Sindano hutembea," akajibu Mama Samli, na hata yeye aliona jibu limechacha.

Mkunga alipoagiza kopo jingine, Mama Samli aliamua lisiguswe na mtu. Angepika, angechuja na angelipeleka mwenyewe. Akabandika sufuria, akakaa kwenye kigoda, akaipa mgongo kama siku zote. Wifi alikuwa anafua pembeni. Baada ya muda akainua kichwa.

"Wifi, samli inaungua."

Mama Samli akatabasamu kwa uchungu. Ndiyo hila yenyewe hiyo. Anataka niiepue mbichi, ioze kabla haijafika kwa mkunga. "Fua nguo zako," akasema. "Sijasikia harufu yoyote."

"Wifi, tafadhali. Epua."

"Nimesema fua."

Akaendelea kuchambua maharage kwa utulivu wa mtu aliyemkamata mwizi wake. Mara macho yakaanza kumwasha. Alipogeuka, moshi mzito ulikuwa umeufunika ukuta, na ndani ya sufuria mlikuwa na kitu cheusi kinachotoa mapovu. Akainama juu yake, akavuta pumzi kwa nguvu zote. Akasikia joto tu. Akachukua kitunguu, akakivunja, akakibana puani. Machozi yakatoka, harufu haikuja. Akakumbuka mafua yaliyomlaza wiki nzima kabla mkunga hajalalamika, na jinsi chakula chote kilivyokosa ladha tangu siku ile, na samli akawa anaiepua kwa mazoea tu. Hofu ikamshika, hofu halisi, ya mtu aliyepoteza mkono wake wa kazi.

Wifi alikuwa ameshaiepua sufuria kwa upande wa khanga yake iliyolowa maji.

"Ulijua kwamba pua yangu haisikii?" Mama Samli akauliza.

"Kitambo."

"Na sokoni, walipolalamika, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia niliyaacha makopo juani. Kwamba mimi ni mzembe, wewe huna kosa."

Mama Samli akakaa chini, kitunguu bado mkononi. "Sasa kwa nini hukuniambia, wifi yangu?"

Wifi akaikamua khanga, matone yakaanguka kwenye mkaa.

"Nimekuambia sasa hivi," akasema. "Mara mbili."