Rakaa Mbili za Ugenini

Nilicheza beki katika timu ya chuo cha ualimu, na Mwenyezi Mungu akaniruzuku kufundisha mpira hadi uzeeni. Miaka kumi na moja niliinoa timu ya wafanyakazi wenzetu kutoka Afrika Mashariki, mtaa wa Shumaisi, Riyadh. Kila mwaka tulipanda basi kwenda Jeddah kucheza na timu ya wenzetu wa mtaa wa Ruwais. Wakati wa mapumziko timu zote mbili zilisali Alasiri pamoja, nami nikiwa imamu. Nilipunguza sala, rakaa mbili, kwa kuwa nilikuwa msafiri. Wenyeji wakainuka kukamilisha nne zao.

Mwaka huu kazi yangu ilihamishiwa Jeddah. Nikapata chumba Ruwais, na watu wa Ruwais wakanipa timu yao, ingawa kapteni, fundi bomba wa Mombasa, hakuridhika.

"Tutakuona siku wakija watu wako, mzee," aliniambia. "Ukituuza, halas, timu inarudi kwa kocha wa zamani."

Wakaja. Nilisimama kando ya uwanja, sijui niangalie wapi. Beki wao wa kushoto nilimfundisha mimi kuruka. Alipookoa kwa kichwa mpira uliokuwa unaingia golini kwao, nilipiga makofi. Kapteni aliniona.

Tulikwenda mapumziko tumefungwa moja. Nikasalisha. Baada ya rakaa mbili nikatoa salamu, kuume na kushoto, nikageuka. Ruwais wameduwaa, wengine wamekaa, wengine wameanza kusimama.

"Mwalimu bado wetu!" alisema golikipa wa Shumaisi, akicheka.

Kapteni hakucheka. "Mwalimu, wewe hapa ni msafiri au mkaazi?"

Swali jepesi. Ufunguo wa chumba changu ulikuwa mfukoni, na chumba kiko mtaa wa pili. Mbona basi nilihisi nimekuja kutembea?

"Mkaazi," nikasema mwishowe. "Nimesahau."

Tukainuka tukakamilisha mbili zilizobaki, wageni nao nyuma yangu, kisha nikasujudu sijda ya kusahau. Nilikawia pale chini, nikimshukuru Mungu aliyewawekea njia watu kama mimi.

Tulifungwa mbili. Kapteni akawa anakusanya mipira bila kunitazama. Basi la Riyadh likapiga honi, nami nikajikuta nimebeba begi, natembea kulifuata.

"We mzee!" kapteni aliita, na sasa alikuwa anacheka. "Wapi tena? Nyumbani ni huku. Na Jumatatu usichelewe mazoezi."