Guka na Farasi wa Resi

Fundi viatu wangu ana kibanda nyuma ya soko, hapa Nakuru mjini. Wiki jana nilimpelekea viatu vya Baba, vile vyeusi vya kanisani, ambavyo kisigino kimoja kilikuwa kimelika upande. Alipomaliza kugonga misumari aliinama chini ya meza, akatoa mkebe mkuukuu usio na jina, akaufungua kwa bisibisi, na harufu ikatoka. Sijui niieleze vipi. Ni mafuta ya kondoo yaliyochacha kidogo, nta, na kitu kingine kikali kinachopanda puani kama dawa ya kikohozi. Nilishika mlango wa kibanda nisianguke.

"Madam, uko sawa?" fundi akauliza.

Nikamwambia ni jua. Nakuambia wewe ukweli ambao sikumwambia yeye: halikuwa jua, alikuwa ni Guka.

Guka, baba yake baba yangu, alikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Ujana wake wote aliumaliza katika uwanja wa mbio za farasi uliokuwa ng'ambo ya barabara kuu, si mbali na kwetu Free Area. Mbio zenyewe zilikufa kabla sijazaliwa. Wenye farasi walizeeka au wakahama, majukwaa ya mbao yakaliwa na mchwa, mbuzi wa mtaa wakapata malisho ya bure. Jina tu ndilo lililokataa kufa. Hadi leo ukimwambia mtu wa mtaa wetu mkutane Resi, hakuulizi ni wapi.

Nilipokuwa msichana wa darasa la pili, tajiri mmoja aliununua uwanja ule akaugeuza bustani ya michezo ya watoto. Alileta bembea za kila aina, kasri la mpira la kurukiaruka, mashua mbili kwenye kidimbwi kilichochimbwa juzi, na mama mmoja wa kuwachora watoto nyuso za simba ambazo zilifanana zaidi na paka. Kulikuwa na sukari ya rangi ya waridi iliyosokotwa kama pamba, iliyoshika vumbi la Nakuru kabla haijafika mdomoni. Lakini fahari ya mahali pale ilikuwa garimoshi. Kwa kweli lilikuwa trekta lililovishwa mabati ya rangi, likivuta vigari vya watoto. Njia yake ilifuata mviringo uleule wa farasi, kwa kuwa ardhi ilikuwa tayari imesawazishwa, na yule tajiri hakuwa mtu wa kulipia kazi mara mbili.

Guka naye alianza kupotea wakati huohuo. Hakuwa akipotea njia, alikuwa akipotea miaka. Angemwita Mama kwa jina la Cucu, mke wake, ambaye tulikuwa tumemzika zamani, kisha amuulize kama farasi wamekunywa maji. Na kila Jumapili, baada ya kanisa, alikaa kwenye kiti chake nje ya jikoni, akafungua mkebe wake wa mafuta, akapaka buti zake zile ndefu hadi ukaweza kujitazama ndani yake. Kisha akaenda Resi.

Jirani mmoja alimkuta huko akimfokea mwenye mashua kwamba amechimba shimo katikati ya uwanja. Habari ilipofika nyumbani, Baba aliweka kijiko chini. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo aliyatoa kama mtu anayepima unga.

"Mara moja tu," akasema. "Akileta shida huko mara moja tu, mimi nafunga hiyo gate na kufuli."

"Sasa ukimfungia si atakufa?" Mama akauliza.

Baba alikishika tena kijiko. Mama akanigeukia mimi. "Wairimu, kuanzia leo wewe ndio utaenda na Guka. Mshike mkono. Usimwachilie hata akikwambia nini."

Basi ndivyo nilivyopewa kazi. Watoto wengine wa rika langu walitumwa chumvi. Mimi nilitumwa kulinda uhuru wa mzee mzima, na nilijua vizuri kwamba lango letu likifungwa, Guka wangu ndiye atakayebaki ndani. Nilimpenda mno. Yeye ndiye aliyekuwa akinimenyea njugu na kunipa zile nzima, yeye akala zilizovunjika.

Nikuambie tulichokuwa tukifanya huko. Askari wa lango la Resi alikuwa amemzoea Guka, na alitupisha kwa saluti. Tuliingia, tukavuka kamba ya kuzuia watu, tukaanza kuzunguka ule mviringo polepole. Guka alitazama chini wakati wote. Akiona shimo, alirudishia udongo na nyasi kwa ncha ya buti, kisha akakanyaga mara kadhaa kwa kisigino. Akiona jiwe, alilitia mfukoni. Ndiyo iliyokuwa kazi ya masaisi zamani: kabla ya kila mbio walijipanga mstari mmoja, wakaukanyaga uwanja wote, wakiziba mahali kwato zilipochimbua. "Jiwe moja," Guka aliniambia, "linavunja mguu. Na farasi akivunjika mguu hapelekwi hospitali. Anapigwa risasi." Halafu kila mara aliongeza msemo wake: "Farasi hana macho ya chini. Macho yake ya chini ni saisi."

Tulirudi nyumbani mifuko ya koti lake ikining'inia kwa kokoto. Mama alizimwaga kando ya tangi la maji, na kabla ya mvua ndefu tulikuwa na njia nzuri ya kokoto kutoka jikoni hadi chooni. Nilianza kuamini kwamba nimeiweza kazi yangu.

Ikaja Jumapili ya likizo ya Aprili. Resi ilijaa watu. Walikuja hata wa Milimani na watoto wao wenye soksi nyeupe, na upepo wa Menengai ulibeba harufu ya chipsi hadi barabarani. Guka alikuwa katika hali nzuri. Alikanyaga kwa mdundo, shimo baada ya shimo, mimi nikikanyaga kando yake. Mtoto mmoja mwenye uso wa simba akatufuata akikanyaga, akifikiri ni mchezo. Akaja mwingine. Punde tukawa na mkia mrefu wa watoto nyuma yetu, wote wakikanyaga ardhi kama masaisi wa zamani, na kijana aliyekuwa akitangaza michezo kwa kipaza sauti akatuona.

"Eeeh! Hebu muoneni guka wetu!" sauti yake ikanguruma. "Mzee ako na style! Piga hiyo kitu, guka!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Guka alitabasamu, akageuka kuutazama ule mstari nyuma yake, na nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliona mahali pana watu wa kutosha kufanya kazi. Nilijivuna kupita kiasi. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na mimi nilijiona ndiye muundaji.

Hapo ndipo kengele ilipolia.

Garimoshi lile siku zote lilipiga honi ya trekta. Jumapili ile walikuwa wameliwekea kengele mpya, na "mpya" ni neno la kusema tu, kwa maana nilikuja kusikia kwamba iliokotwa kwenye stoo ya zamani ya uwanja, chini ya magunia yaliyooza. Ilikuwa kengele ya shaba, ileile iliyolizwa farasi walipokuwa wakiachiliwa kuanza mbio. Mimi sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba mkono wa Guka, uliokuwa mlegevu ndani ya wangu, uligeuka mgumu ghafla kama mpini wa jembe.

"Farasi wanakuja!" akapaza sauti. "Tokeni njiani! Tokeni! Watoto watoke!"

Nilimshika. Naapa nilimshika kwa mikono yote miwili. Lakini mtu aliyezoea kuzuia farasi kwa kamba hazuiwi na msichana wa darasa la tatu. Alinikung'uta, akamnyanyua yule mtoto mwenye uso wa simba na kumrusha nje ya kamba, kwenye nyasi. Akamkamata wa pili. Trekta lilikuwa bado mbali, likija kwa mwendo wa kobe, lakini Guka hakuwa akilitazama trekta.

"Mtoto wangu!" mwanamke akapiga kelele. "Anaiba mtoto! Huyu mzee anaiba mtoto!"

Wewe umeishi nchi hii, unajua neno hilo likisemwa kwenye umati linageuka kuwa nini. Kijana mmoja alimkaba Guka kola. Mwingine akamzaba kofi la mdomo. Niliona mkono ukiinua kiti cha plastiki juu ya vichwa vya watu. Nililishika koti la Guka na kupiga kelele, "Ni guka yangu! Ni guka yangu!" lakini muziki ulikuwa bado unalia, na sauti yangu haikufika hata kiunoni mwa mtu. Nimewahi kuogopa mambo mengi tangu siku ile. Sijawahi kuwa mdogo kiasi kile tena.

Aliyetuokoa ni yule askari wa langoni. Alipenya kwa viwiko, akasimama mbele ya Guka, akatanua mikono.

"Wacheni mzee! Boss, weka hiyo kiti chini. Huyu namjua, ni mzee wa hapa hapa, akili ndio imeenda. Mathe, mtoto wako si huyo hapo? Ameumia wapi?"

Mtoto hakuwa ameumia. Alikuwa akicheka, akitaka arushwe tena. Watu wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, kila mtu akiangalia saa yake au viatu vyake. Garimoshi likapita mbele yetu polepole, watoto wakipunga mikono. Guka alifuta damu mdomoni kwa mkono wa koti na kunitazama kwa wasiwasi mkubwa.

"Wamepita?" akaniuliza.

"Wamepita, Guka."

"Hakuna aliyeumia?"

"Hakuna."

Akashusha pumzi. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akanipa mkono wake nimshike, tukaenda nyumbani.

Habari zilitutangulia. Maji yakishamwagika hayazoleki, na nililia hadi nikapata kwikwi nikimweleza Baba kwamba Guka hakufanya kosa, alikuwa akiwatoa watoto njiani. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kesho yake akarudi na kufuli kubwa la manjano.

Tangu hapo, kila Jumapili, Guka alipaka buti zake mafuta, akavaa koti, akaenda kusimama langoni. Aliningoja kwa adabu, kama mtu anayesubiri kufunguliwa ofisi ya chifu.

"Wairimu, fungua."

"Sina ufunguo, Guka."

"Mwenye nao ni nani?"

"Baba."

"Baba yako au baba yangu?"

Swali hilo lilikuwa likinichekesha na kuniliza kwa pamoja. Alipochoka kungoja, aliliacha lango na kuanza kuizunguka nyumba. Shimo, kisigino. Jiwe, mfukoni. Alipita katikati ya sukuma wiki za Mama, na Mama, ambaye angekukimbiza kwa mwiko kwa kung'oa jani moja, alizihamisha sukuma wiki zake zote upande wa ua. Katika miezi michache kulikuwa na njia ya mviringo kuizunguka nyumba yetu, ngumu kama sakafu. Guka alifariki mwaka uliofuata. Miaka mingi baadaye nyasi zilikuwa bado zinakataa kuota pale.

Baba sikumsamehe. Nilikua nikiwa na hasira naye, hasira ya kimyakimya, ya kumjibu "ndiyo" na "la" tu. Alitembea na ule ufunguo katika mfuko wa shati, na kila nilipouona ukituna pale kifuani nilisema moyoni, huyu mtu hana huruma. Alasiri moja nilimwona amesimama langoni peke yake, Guka akiwa nyuma ya nyumba kwenye mzunguko wake. Aliutia ufunguo ndani ya kufuli. Akasimama. Akautoa. Akautia tena, akasimama tena kwa muda mrefu, kisha akaurudisha mfukoni na kuingia ndani. Nilidhani anajaribu kama kufuli linafanya kazi vizuri.

Sasa Baba anaishi kwangu. Alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi katika shamba moja la maua upande wa Naivasha, na alistaafu zamani, lakini mwaka huu alianza kuamka, kuvaa viatu vya kanisani na kwenda kulitafuta basi lake. Mwezi uliopita mtu wa bodaboda alimleta nyumbani amemfunga kwa leso yake asianguke.

"Madam, huyu mzee alikuwa katikati ya highway," akaniambia. "Anasimamisha lori, ati wafanyakazi wamechelewa kazi."

Nilimshukuru. Nikamkalisha Baba, nikampa chai, nikaenda mwenyewe dukani. Kule dukani nilisimama mbele ya makufuli yaliyotundikwa ukutani na nikajikuta nalia mbele ya mwenye duka, mwanamke mzima nisiyejulikana hapo. Kumbe mtu hafungi lango kwa sababu moyo wake ni mgumu. Nilihitaji miaka yote hii, na kufuli langu mwenyewe, kujua kwamba Baba alikuwa amesimama pale langoni akiwa hana uwezo wowote, sawa na mimi niliyekuwa nimeshika koti.

Jioni ile niliporudi kutoka kwa fundi, viatu vikinuka mafuta ndani ya karatasi, Baba alikuwa langoni, amevaa ndala na koti. Nilijifungulia, nikaingia, nikafunga nyuma yangu. Alivipokea viatu, akavinusa, akatabasamu kidogo kama aliyesalimiwa na mtu wa zamani. Akainama akavivaa, akafunga kamba vizuri, akasimama wima.

"Wairimu, fungua."

"Sina ufunguo, Baba," nikasema, na ulikuwa kiganjani mwangu, bado una joto.

"Mwenye nao ni nani?"