Udongo Kwenye Karai

Mwaka ule mvua ilikuja mapema, na mama mkwe wangu alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, mguu umefungwa plasta baada ya kuteleza kisimani. Kwetu hakuna anayepanda kabla yake. Yeye hutangulia kutia mbegu katika shamba lake nyuma ya jiko, kesho yake anapanda mke wa mwanawe wa kwanza, halafu mimi niliyeolewa na wa pili. Ukimpita mtu, siku mtoto akiugua au ng'ombe akifa ni wewe utatajwa. Kama ni kweli sijui. Sijaona aliyejaribu.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumechelewa kupanda kwa sababu nyingine. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha kiuno, tukala mahindi ya Uganda ya kununua Busia mpaka tukachoka. Kwa hivyo nilikuwa naogopa. Shamba langu lilikuwa limeshalimwa. Mwenye ng'ombe wa plau, mtu mmoja wa kabila la Wateso aliyehamia kwetu, alipita akaona udongo umelowa na hakuna mbegu ndani.

"Ninyi mnangoja mama," akasema. "Mvua nayo inangoja nani?"

Nilimwendea mke mwenzangu. Yeye ndiye mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Huku tunaitana wake wenza hata kama waume ni tofauti. Nilimwomba apande yeye kama mkubwa, nami nifuate. Alikataa. Sitaki aonekane mbaya. Lawama ingemwangukia yeye kwanza, na alikuwa ameshazika mtoto. Mimi sijazika. Labda ndiyo maana niliweza kuongea kwa urahisi.

Wazo la kupanda kwenye karai lilitoka kwa afisa wa kilimo. Kabla ya mvua alikuwa ametukusanya kanisani kutufundisha. Mimi shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo naweza kuwa nimechanganya, lakini alisema zamani watu wote waliokota tu chakula porini, mpaka wakaona mbegu zilizoanguka karibu na makao zinaota. Alituonyesha picha kwenye simu. Mpunga umepandwa mlimani kama ngazi. Watu wasiolima kabisa, wanafuata mifugo na majani. Trekta isiyo na dereva inapanda shamba ambalo mwisho wake huoni. Na watu wa mjini, hawana hata mahali pa kuzika paka, wanapanda mboga kwenye ndoo na mabeseni.

Mke mwenzangu aliuliza, huko kwa trekta nani anatangulia kupanda. Afisa akasema hakuna, wanaangalia mvua na udongo tu.

"Basi hiyo trekta haina mama mkwe," akasema, na afisa mwenyewe akacheka.

Nilipoikumbuka ile picha ya mabeseni, nilimwambia mume wangu kwamba kama mama hawezi kufika shambani, shamba linaweza kumfikia mama. Alifikiri natania. Mke mwenzangu naye aliposikia alisema, "Karai si shamba. Utavuna nini humo, ugali wa kijiko?" Lakini hakutukataza. Mume wangu alijaza karai udongo, tukapanda bodaboda mpaka hospitali.

Nesi alituzuia mlangoni. Alikuwa na haki, mle ndani kulikuwa na watu wenye vidonda. Alimtoa mama mkwe kwa kiti cha magurudumu mpaka verandani, akatuachia. Nilimweleza mama mambo yote. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi, halafu akaingiza mkono kwenye karai, akausugua udongo kwa vidole, akaunusa.

"Huu ni wa wapi?"

"Wa nyumbani, mama," mume wangu akajibu.

"Nyumbani kwa nani? Wangu una majivu."

Ni kweli, miaka yote humwaga majivu ya jiko katika shamba lake. Ule wa kwenye karai ulikuwa mwekundu, laini. Mume wangu alisema alichimba pale penye udongo mwepesi, kando ya barabara, mahali plau ilipopita. Hapo ni shambani kwangu. Hakujua kama kuna tofauti, na mimi sikuuliza. Kama mama angetia mbegu mle, shamba langu lingekuwa limetangulia yote ya boma, tena kwa mkono wake.

"Mlitaka nimruke mkubwa wenu," akasema. Hakukasirika. Alipangusa mkono kwenye leso akaomba chai.

Tulirudi na karai lile lile. Jioni mke mwenzangu alikuja kuuliza, nikamwambia yote, maana angesikia tu. Kisha akauliza kama mama alikataa karai au alikataa udongo. Nikasema udongo.

"Kumbe ulikuwa unanipita."

"Sikujua, mwenzangu."

"Najua hukujua. Ndiyo maana sikuachii kazi hii tena."

Asubuhi alichimba mwenyewe nyuma ya jiko la mama mkwe, mahali majivu yanaonekana kwa macho. Alifunika karai kwa leso, akalipakata kwenye bodaboda. Nilipotaka kumsaidia kulishika alilisogeza upande wa pili. Nilifuata nyuma kwa bodaboda nyingine.

Safari hii mama mkwe aligusa mara moja tu. Alitoboa udongo kwa kidole, akatia mahindi, akafukia. "Nenda ukapande," akamwambia mke mwenzangu. Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe mngoje."

Alipanda, nikamngoja, nikapanda. Mvua ilikuwa bado ipo. Yote yaliota. Mahindi yake yalizidi yangu, lakini yeye alitia samadi na mimi sikutia, kwa hivyo siwezi kusema hilo linaonyesha kitu.

Karai lilibaki verandani, na nimeambiwa yule nesi ndiye aliyekuwa akilimwagia maji. Mama mkwe alirudi nalo nyumbani likiwa na vimahindi vya njano, mizizi haina pa kwenda. Mume wangu alitaka kuvihamishia shambani. Mama alisema kazi yake imeisha, likaachwa nje ya jiko, mbuzi akavila.

Mwaka huu mama mkwe ni mzima, ingawa anachechemea, na alipanda mwenyewe. Ila kabla ya mvua nilienda kwa mke mwenzangu kuomba moto. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na karai limefunikwa gunia. Nilifunua kidogo. Ni udongo mkavu, wenye majivu.

Nilifunika tena nikachukua moto. Sikumuuliza.