Mikono Mia ya Kushoto

Mkataji hakupenda mtu amshike bega. Meneja mpya alimshika siku ya kwanza tu. Wakaanza vibaya hapo hapo.

Kiwanda kilishona sare. Yeye alikata vitambaa miaka ishirini na tisa, meza ile ile. Wenzake walimwita Mkasi, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya mdomo. Mke wake alifariki mwezi wa pili. Alimzika Alhamisi, Jumatatu akawa mezani. Hakuna aliyemwuliza kitu, na hilo lilimfaa.

Meneja wa zamani alikuwa mtu wa kelele. Huyu alikuwa mpole, wa umri wa kuwa mwanawe, na upole wake ulichosha kuliko kelele. Alisema wafanyakazi wamelemewa. Kweli walilemewa. Mwaka ule wawili walizimia, na mshona kola alikuwa akilia chooni kila Ijumaa. Basi meneja akasafisha stoo, akaipaka rangi ya kijani, akatia mito na birika la chai. Akaiita Chumba cha Utulivu. Kila mtu dakika ishirini kwa siku, lazima, na kuweka alama mlangoni.

Lakini hesabu ya kazi hakuigusa. Mashati mia mbili kwa siku, yale yale. Ukitoka kupumzika unazikuta dakika zako ishirini zinakungoja, zimekunja mikono.

"Huruma ya mamba," alisema Mkasi. "Machozi anayo, na meno anayo."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alishona mikono ya mashati meza ya pili. "Nenda shemeji, ukakalie mto. Labda utalainika."

"Mimi si ngozi ya kulainishwa."

Jumanne akaenda, kwa kuwa alama yake ilikosekana mlangoni siku tatu. Meneja akaja kuketi naye.

"Mzee wangu, unajisikiaje?"

"Najisikia nimechelewa."

Alitoka mbio. Akatandaza kitambaa, tabaka hamsini. Akaweka kadibodi ya kipimo cha mkono, akaichora kwa chaki. Kwa mkono wa pili kadibodi hugeuzwa uso chini, la sivyo yote hutoka upande mmoja. Miaka ishirini na tisa kiganja chake kiligeuza chenyewe. Siku ile hakikugeuza. Kisu cha mashine kikapita.

Shemeji akaja na furushi, akalibwaga mezani.

"Shemeji! Hao tunaowashonea wameumbwaje? Kushoto na kushoto?"

Watu wakacheka. Mkasi akainua mmoja, akainua mwingine. Mia nzima, yote ya kushoto. Masikio yakamwaka moto.

Ofisini barua ilikuwa tayari imeandikwa.

"Sikulaumu, mzee wangu. Una msiba. Nenda nyumbani ukapumzike miezi mitatu. Meza tutampa mwingine."

"Nani amekuomba mapumziko?"

"Ni kwa ajili ya afya yako."

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na kitanda alichokilalia upande mmoja. Kushinda mle asubuhi hadi jioni, mwezi haungeisha naye. Alilijua hilo kama alivyojua kitambaa kwa kukigusa.

"Unanifukuza kwa sauti ya chini," alisema. "Yule wa kwanza angefukuza kwa kelele, ningemwelewa."

"Mzee wangu—"

"Mimi si mzee wako. Kesho njoo mezani, ufanye kazi yangu siku moja. Ukimaliza, nipe barua yako."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni bila kuitwa. "Nenda, meneja. Usipoenda, wiki ijayo utaletewa ya kushoto na mimi pia."

Kesho yake meneja akaja. Alivua koti, akashika ncha ya kitambaa. Walitandaza, walichora, walikata. Saa nne meneja akatazama saa yake.

"Zamu yetu chumbani."

Wakaenda. Wakakaa juu ya mito kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Waliporudi, meza ya pili ilikuwa imekaa bure, na shemeji amejishika kiuno.

"Mikono iko wapi? Au mmeilalia?"

Meneja akaanza kukimbia na kitambaa, huku na huku, shati limemganda mgongoni. Akachora mkono wa kwanza. Akaihamisha kadibodi, akachora wa pili, akavuta mashine. Mkasi akamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Hukugeuza."

Meneja akatazama chaki yake. Kushoto na kushoto.

"Mimi nina msiba," alisema Mkasi. "Wewe una nini?"

Meneja akaiweka chaki chini.

"Nilikuwa na haraka," meneja akasema.

"Basi mpe likizo haraka."

Jioni ile meneja akafuta mia mbili ubaoni, akaandika mia na tisini. Alama za mlangoni akaziondoa. Anayetaka aende, asiyetaka asiende. Mshona kola alikwenda, akalala usingizi hadi akakoroma.

"Na barua?" Mkasi aliuliza.

"Ipo kwenye droo."

"Haya. Mimi nami nipo mezani."

Asubuhi meneja akapita pale, safari hii mbali kidogo na meza.

"Shikamoo."

Mkasi hakuinua kichwa. "Marahaba," akasema, na akaendelea kutandaza.